Padre hawezi kukukumbusha

Mi nilianza kuungama nikiwa na miaka kumi na dhambi yangu ya kwanza kabisa kuitamka mbele ya padre ilikuwa uzinzi. Msicheke. Kigangoni kwetu kule Muleba mwalimu wa dini alikuwa anatukaririsha amri kumi, afu anasema haya kila mtu atafute dhambi zake humo, sasa sisi watoto tukawa tunagawana, wewe chukua kuiba sukari, wewe chukua kutukana, wewe kutowatii wazazi, mi nilichelewa kufika nikakuta zile nzuri zote zimeshachukuliwa nikabaki na amri ya sita. Padre akaniuliza unajua maana yake mwanangu? Nikamjibu ndio padre, ni kulala bila kusali. Nikasikia kiti kinalia upande wa pili, mzee wa watu anacheka kwa kujizuia. Malipizi yangu Salamu Maria tatu. Nilitoka pale nikakimbia mpaka nyumbani bila kumgusa mtu nisije nikachafuka tena.

Nimeanza na hiyo kwasababu kwakweli ndivyo nilivyoendelea kuungama mpaka nikawa mtu mzima, na dhambi za kuazima. Kila Majilio na kila Kwaresima napanga foleni, naingia, nasema nimesema uongo, nimekasirika, nimekunywa nikazidisha, nimekosa misa mara kadhaa, napewa malipizi, natoka. Na zote zilikuwa za kweli jamani, sikuwa nadanganya. Ila kuna ujanja ambao mtu aliyezoea kuungama anaujua, unachukua ile kubwa unaisukumia katikati ya ndogo ndogo kama mtu anayeuza nyanya, mbovu inakaa chini ya fungu.

Hiyo mbovu yangu ilikuwa hivi.

Desemba 2008 nilienda nyumbani kwa sikukuu, wakati huo nafanya kazi Mwanza kwenye duka la spea za magari. Mdogo wangu wa kike alikuwa amepata nafasi chuo cha uuguzi Mwanza, anatakiwa aripoti katikati ya Januari. Mama akauza kahawa, akauza na ndama, akaniwekea mkononi laki nne na nusu, akazifunga kwenye kitambaa akaniambia hizi weka kifuani usiweke kwenye begi, ukifika kalipe kabisa ada ili mwenzio akija akute mambo yamekaa sawa. Mama mwenyewe meli alishaisusa, toka MV Bukoba izame Mei 1996 hajawahi kupanda tena, kwahiyo sisi tukisafiri yeye halali, anakesha na rozari.

Nikapanda MV Victoria pale Bukoba na binamu yangu, mtoto wa mjomba, yeye alikuwa anaenda Mwanza kutafuta soko la samaki. Daraja la tatu. Kemondo meli ikasimama muda mrefu kama kawaida yake kupakia mikungu ya ndizi, sisi tukawa tunatafuna senene alizotufungia shangazi na kupiga stori mpaka usingizi ukatuchukua, yeye kichwa chake kiko kwenye begi langu. Asubuhi tukafika Mwanza salama, tukaagana pale pale bandarini. Hela zilikuwepo zote kifuani, hata shilingi haikupungua.

Mwaka ule miji mingi ilikuwa imeshikwa na ule mchezo wa kupanda na kuvuna, unapeleka hela leo baada ya wiki kadhaa unavuna mara mbili. Dukani kwetu kila mtu alikuwa amepanda. Kuna jamaa alikuwa amevuna mpaka akanunua pikipiki, na pikipiki tunaiona pale nje kwa macho yetu. Mi nikapiga hesabu, laki nne na nusu ikiwa laki tisa nalipa ada, nabaki na nyingine, namrudishia mama pesa ya ndama, naonekana mtoto wa maana. Shida ni kwamba chuo kinataka ada sasa hivi na mavuno yako mbele. Nikahitaji muda. Muda nikaupata kwa kumpigia mama simu na kumwambia hela zimeibiwa melini.

Naomba nieleze vizuri hapa maana ndipo penyewe. Sikumtaja binamu. Mama aliniuliza ilikuwaje nikasema nilizitoa kifuani nikaweka kwenye begi maana palikuwa na joto, nikalala, nilipoamka hazipo. Akauliza pembeni yako alikuwa nani? Nikasema alikuwa binamu tu. Basi. Neno "tu" ndio nilijifichia humo miaka mingi, najiambia mimi sikumsingizia mtu, nilijibu swali.

Wiki tatu baadae binamu akarudi kijijini na Nokia ya tochi mpya. Ameinunua kwa hela ya samaki wake. Imekwisha hiyo.

Ule mchezo ulikuja kufa kabla sijavuna, na ndama wa mama akaishia humo. Mdogo wangu nafasi ya chuo ikapotea, akakaa nyumbani, baadae akajifunza cherehani. Mama na mjomba, ndugu wa tumbo moja, wakaacha kusalimiana. Mjomba alisema mwanangu sio mwizi, mama akasema basi hela zilikuwa na miguu. Na binamu akawa kila akiingia nyumba ya ndugu mtu ananyanyuka taratibu anaenda kufunga mlango wa chumbani.

Sasa mi naenda kuungama "nimesema uongo".

Kwaresima ya 2012 nikakutana na padre mzee mmoja Mwanza, mgeni kwenye parokia yetu, sikio moja halisikii vizuri kwahiyo anageuza lile zima karibu kabisa na wavu. Nikashusha mzigo wangu kwa kasi kama kawaida, nimesema uongo, nimekasirika, nimezidisha pombe. Akanikatisha. "Uongo wa namna gani, na mara ngapi?" Nikababaika. Baadae ndio nilikuja kusoma kwamba lile swali sio umbea wa padre, Mtaguso wa Trento, yani mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 1551 ulishasema dhambi kubwa zinatakiwa ziungamwe kwa aina yake na idadi yake, yani sio unasema nimeiba, useme umeiba nini, kanisani au sokoni, mara moja au kila Jumamosi. Siku ile sikuyajua hayo. Nilichojua ni kwamba goti limeanza kutetemeka lenyewe.

Nikamwambia yote. Mpaka ndama. Sijui ilichukua dakika ngapi ila nilisikia foleni nje wameanza kukohoa kile kikohozi cha "wewe mwenzetu umeua nini humo".

Padre akakaa kimya. Afu akaniuliza kitu kimoja ambacho mi nilikuwa sijakitegemea, sikuulizwa habari ya hela. Akasema, "Na jina la binamu yako, liko wapi?"

Sikuelewa. Akasema hela uliyokula ni ya mama yako, utamlipa polepole, mama ni mama. Ila umemchukulia yule kijana jina lake, na jina huwezi kulipa kwa awamu. Uko tayari kumrudishia? Nikasema niko tayari padre. Akaniambia sali sala ya majuto, nikasali, "Mungu wangu nimetubu sana niliyokosa", nikapewa ondoleo. Wakati nanyanyuka nikamuuliza kwa kunong'ona, lakini padre hii si inabaki humu? Akajibu, "Inabaki kwangu. Wewe hujafungwa mdomo."

Hiyo sentensi imenisumbua kuliko mahubiri yote niliyowahi kusikia. Mi nilidhani siri ya maungamo ni kifuniko cha wote wawili, tunaiacha pale tunaondoka. Kumbe inamfunga yeye peke yake. Sheria ya Kanisa kanuni ya 983 inasema padre asimsaliti muungamaji kwa neno wala kwa namna nyingine yoyote, wala kwa sababu yoyote, na sheria hiyo hiyo mahali pengine inasema akiivunja moja kwa moja anajitenga mwenyewe na Kanisa papo hapo bila hata kusubiri kesi. Kanuni ya 984 inamkataza hata kutumia alichokisikia. Yani padre akisikia kwenye ungamo kwamba mpishi wake anamuibia mchele haruhusiwi hata kubadilisha kufuli kwa ajili ya hilo. Kuna yule mtakatifu wa Praha, Yohane wa Nepomuk, aliyetoswa mtoni mwaka 1393 kwa amri ya mfalme, simulizi za watu zinasema mfalme alitaka kujua malkia ameungama nini na yeye akakataa. Wanahistoria wana maelezo mengine ya ugomvi wao ila waumini wameshikilia hiyo ya malkia, na mi nawaelewa.

Basi nikaondoka pale nimesamehewa, mwepesi, nikanunua na muwa njiani. Nikasema Pasaka ikipita naenda nyumbani nakwenda kusema.

Pasaka ikapita.

Yule padre alihamishiwa moja kwa moja parokia yetu, na alikuwa na pikapu moja chakavu inayokula spea kama mchwa, kwahiyo dukani kwetu akawa mteja. Mara ya kwanza kuingia nilijificha nyuma kwenye matairi. Mara ya pili nikamhudumia mwenyewe, mikono inatoka jasho, namsubiri aniangalie lile jicho la "vipi, umeshaenda?" Wala. Akauliza bei ya fenibelti, akalalamika, akapunguziwa, akaondoka. Mwezi mwingine tena. Nikaanza kumchokoza. Nikamwambia padre hivi unanikumbuka kweli? Akasema "Nakukumbuka sana, si wewe uliyeniuzia brekipedi feki?" Dukani wakacheka. Siku nyingine tuko wawili nikajikaza nikamwambia padre lile jambo langu bado. Akaniangalia kama anaangalia ukuta, akasema jambo lipi? Kama ni la kwenye kiti cha maungamo njoo kwenye kiti.

Nilikasirika mjue. Nilijiona kama mtu aliyekopa afu mdai hataki kumdai. Mi nilikuwa nataka anisukume, anifokee hata, ili nikienda niende kwa kulazimishwa. Na yeye hawezi. Akinikumbusha nje ya kiti bila ruhusa yangu amevunja. Kwahiyo mtu pekee duniani aliyekuwa anajua ukweli mbali na mimi alikuwa amefungwa asiniambie hata "kijana vipi", na mimi ambaye sijafungwa na chochote ndio nimenyamaza.

Mtu anayekwepa jambo husoma sana, mi nilisoma mambo ya kitubio kama vile natafuta mlango wa nyuma. Nikakuta zamani kabisa, karne za mwanzo, wakristo wenye dhambi nzito walikuwa wanafanya toba hadharani, wanasimama mlangoni mwa kanisa na nguo za magunia, na ni mara moja tu maishani, ukirudia imekula kwako, ndio maana wengine walikuwa wanachelewesha ubatizo mpaka wakaribie kufa. Nikakuta kwamba haya ya kuungama kwa siri na kurudia rudia yalienezwa sana na wamonaki wa Ireland. Nikakuta Mtaguso wa Nne wa Laterano mwaka 1215 ndio uliolazimisha kila muumini aungame walau mara moja kwa mwaka, na kile kibanda chenye wavu ni mambo ya karne ya 16, askofu wa Milano Karoli Boromeo ndiye aliyekisimamia, padre na muungamaji watenganishwe. Yote nikayajua. Nikakuta na Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1459, inasema ondoleo linaondoa dhambi ila halitengenezi uharibifu wote uliosababishwa na dhambi, na mfano walioutoa ni huu: kurudisha vilivyoibwa, kurudisha heshima ya mtu aliyesingiziwa. Nikafunga kitabu. Mlango wa nyuma haukuwepo.

Nikajaribu kwingine. Baba mwenye nyumba wangu alikuwa Mzee mmoja wa Ujiji, mswalihina, jioni anakaa barazani na kahawa yake na mi mara nyingi nakaa nae. Siku moja nikaona huyu ndio mtu, sio ndugu, sio wa kanisani kwetu, nimwambie nipumue. Nikaanza, Mzee kuna siri nataka nikwambie, mwaka 2009 nilifanya jambo. Akanyanyua mkono na kikombe chake. "Ishia hapo hapo kijana wangu."

Akaniambia kwao haya mambo hayaendi hivyo, mja na Mola wake hakuna mtu katikati, na kama Mwenyezi Mungu amekusitiri usiku wewe usijivue nguo asubuhi. Akanisomea na hadithi ya Mtume, kwamba umma wake wote utasamehewa isipokuwa wanaojidhihirisha, mtu amefanya ovu usiku Mungu akamfunika, akiamka anamwambia mwenzie fulani ee jana nilifanya hivi na hivi. Nikabaki nimeduwaa, mi nimelelewa kwamba ukisema ndio unapona na huyu ananiambia kusema kwenyewe ni kosa juu ya kosa. Kidogo nifurahi. Nikasema heee, kumbe dini ya watu inaniruhusu kunyamaza!

Mzee akanywa kahawa, akauliza taratibu. "Ila hilo jambo lina mtu ndani yake?" Nikasema anae. Akasema basi hapo imebadilika. Akanihesabia kwa vidole, toba ina masharti matatu, uache, ujute, uazimie kutorudia, hayo yako na Mungu. Kukiwa na haki ya mja linaongezeka la nne, umrudishie mwenyewe haki yake, na kama ulimsema vibaya umwombe akusamehe. "Sasa mimi ukiniambia nitakurudishia nini? Mimi siye yeye. Nenda kwa mwenye mali."

Yani padre wa Kihaya na Mzee wa Ujiji, mmoja anakutaka useme mwingine anakutaka usiseme, na wote wawili kidole kimeelekea kwa binamu yangu.

Na ya tatu niipitie haraka, kuna mkesha mmoja nilipelekwa na rafiki, kanisa la kiroho, usiku wa ushuhuda. Dada mmoja akapanda madhabahuni akasimulia alivyokuwa anamwibia tajiri yake, na mambo mengine ya ndani ya ndoa yake ambayo siyarudii, watu mamia wanashangilia, kipaza sauti kinapiga kelele hadi barabarani. Jumatatu mtaa mzima unajua. Mume wake alizipata habari kwa muuza genge. Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mlutheri wa ule uamsho ulioanzia Gahini kule Rwanda miaka ya 1930, ukavuka mpaka Bukoba kwetu, na wenyewe walikuwa wanaungama hadharani kweli kweli, bibi anasema kuna watu walitembea maili na maili kurudisha jembe waliloiba, na hapo alikuwa anafurahi akisimulia. Ila alikuwa anaongeza kwa sauti ya chini kwamba wengine walikuwa wanaungama na dhambi za wenzao, "nilizini na mke wa fulani", na fulani mwenyewe kakaa benchi la tatu. Bibi alisema rudisha jembe kwa mwenye jembe, kijiji kizima kina haja gani na jembe?

Sasa 2013, mwezi wa nane, mjomba akafa. Presha.

Nikaenda msibani. Mama nae akaenda, akakaa upande wake, hakulia kwa sauti. Kamati ya msiba ikakaa chini ya mwembe kupanga mambo, nani atasimamia chakula, nani kaburi, wakafika kwenye rambirambi, nani ashike daftari na hela. Kwa kawaida angeshika mtoto wa kiume mkubwa wa marehemu au amteue mtu, na mtoto wa kiume mkubwa ni binamu, amekaa pale pale kwenye kiti cha plastiki. Kukawa na ukimya fulani. Mzee mmoja akakohoa akasema, tumpe yule wa Mwanza, yeye amezoea mahesabu ya dukani. Yule wa Mwanza ni mimi.

Wakanipa. Jamani nilishika lile daftari na ule mfuko wa rambo wenye hela siku tatu, watu wananikabidhi elfu mbili mbili na elfu tano tano, naandika majina kwa mwandiko mzuri, na binamu yuko makaburini na koleo. Jioni ya mwisho nikasoma hesabu mbele ya ukoo, ikakaa sawa mpaka mia, wakapiga makofi. Binamu nae alipiga makofi.

Mpaka leo nikifikiria sijui kwanini sikusema siku ile. Nilikuwa naona mdomo umejaa mchanga. Nimerudi Mwanza nimekaa miezi mingine mitano, nikarudi kwenye kiti kwa yule padre mzee, nikamwambia mimi ndiye yule wa jina, sijarudisha, na mwenye kulihitaji zaidi lile jina tumeshamzika. Nikamuuliza na lile ungamo la 2012 lilisimama au nilimdanganya Mungu pale niliposema niko tayari? Alichonijibu kuhusu hilo nakibakiza kwangu. Ila sasa kwakuwa nimelifungua mwenyewe kwenye kiti akaweza kuongea, na aliongea, yaani ni kama mtu aliyekuwa amebanwa na kikohozi miaka miwili. Malipizi hayakuwa Salamu Maria. Alisema usirudi hapa kabla hujapanda mtumbwi.

Mtumbwi kwasababu binamu alikuwa ameshahama kijijini, anafanya dagaa Goziba. Februari 2014 nikaenda. Kisiwa kile harufu ya dagaa unaipata kabla hujaona nchi kavu. Nimemkuta anaanika, nikakaa kwenye debe, nikamwambia bila kuzunguka maana nilijua nikizunguka nitapotelea huko. Nimemwambia hela hazikuibiwa, nilizipanda mimi, na nilivyoulizwa pembeni alikuwa nani nilikutaja nikijua watakavyoelewa.

Nilikuwa nimejiandaa kupigwa. Wala hakunipiga. Aliendelea kugeuza dagaa kwa reki mpaka akamaliza chanja nzima, afu akasema, "Baba alikufa ananifungia kabati." Nikakaa kimya. Akasema tena, "Alikuwa ananitetea kwa watu, ila kabati alikuwa anafunga."

Nikamwambia nisamehe ndugu yangu. Akasema hilo sijui, tuone. Ila kesho unaenda kusema nyumbani, na mimi sije, nenda peke yako, mimi nimeshakaa kwenye vikao vyenu vya kutosha.

Nikasema. Kikao cha ukoo, chini ya mwembe ule ule, nikiwa nimesimama. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akanyanyuka akaenda jikoni, nikamfuata nikamkuta anamenya ndizi, anamenya mkungu mzima wakati tuko watu sita. Sikuambiwa kitu. Nilikaa chini nikachukua kisu nami nikamenya. Muda mrefu sana baadae akasema, "Kaka yangu nilimnyima salamu miaka minne waitu", na hapo ndio alilia, ule wa msibani ambao hakuulia.

Ila aliyenimaliza kabisa ni mdogo wangu. Mi nilidhani yeye hasira yake itakuwa ya chuo, ada, cherehani. Akaniambia, "Kwahiyo mama hakuficha?" Nikamuuliza kuficha nini. Kumbe yeye miaka yote hakuwahi kuamini kwamba binamu ameiba, alimjua hawezi, kwahiyo akawa amejipa jibu lake, kwamba mama ndiye hakutaka asome, akatunga na mimi habari ya wizi. Kuanzia 2009 amekaa nyumba moja na mama, anakula nae, anamshonea magauni, na moyoni ana hilo. Mi sikuwahi kumtaja mama kwenye uongo wangu popote, wala kwa "tu". Ulienda wenyewe.

Ada nimelipa, kwa maana nilimnunulia cherehani za umeme mbili na overloki na akafungua ofisi, chuo alishakataa, anasema umri umeenda. Mama na mke wa marehemu mjomba sasa wanaenda jumuiya pamoja. Yule padre alihamishwa tena, sikumuaga vizuri, siku alipokuja dukani mara ya mwisho nilimpa brekipedi orijino na nikakataa hela, akasema "Leo umekula nini wewe?" na akaondoka zake, wala hakuuliza kitu.

Binamu hajawahi kusema amenisamehe. Harusi ya mdogo wangu alikuja, alikaa meza ya mbali, alicheza muziki. Simu zangu anapokea. Mwaka jana nikamwagiza dagaa za kuuza na mke wangu hapa Mwanza, nikamtumia hela, akanitumia debe tatu kwa meli. Nimeenda bandarini kuzichukua, kila debe limeandikwa jina langu kwa maka peni, na chini yake kwa herufi kubwa: HESABU KABLA HUJAPOKEA.